Sentimita Tisa

Kikao cha kumi na nne cha Kamati ya Dira.
Ukumbi mdogo, ghorofa ya pili, Mikindani.
Feni moja inazunguka, ya pili inaitazama.
Mimi ndiye mwandishi: kalamu mbili, daftari,
na dele la kahawa tangawizi aliloleta Mghoi wa maabara
maana fungu la viburudisho lilikatwa tangu nguzo ya nne.

Ukutani kuna jedwali: nguzo saba, rangi tatu.
Kijani, tumefika. Manjano, tuko njiani.
Karatasi nyekundu zimebanduliwa na unyevu,
kwa hivyo hakuna tulichoshindwa.

Profesa Thureya anasoma.
Vitabu vipya: elfu moja na mia mbili. Kijani.
Tangi la maji ya mvua: linavuja, lakini lipo. Manjano.
Njia ya mteremko, mlango wa maktaba,
kwa wanaotumia viti vya magurudumu:
imekamilika. Asilimia mia.
Makofi. Nikaandika: makofi.

Ndipo Dzombo, mjumbe wa wanafunzi, mwaka wa tatu, hesabu,
akainua mkono, kiganja kina sugu ya gurudumu:
"Mwenyekiti, mteremko ni mzuri. Naupanda bila kusukumwa.
Nikifika juu nakuta kizingiti.
Hapo nangoja mtu apite."

Kimya. Feni ikasikika.
Mmoja akasema hilo ni suala la utekelezaji.
Mwingine, lipelekwe kwenye kamati ndogo.
Mkadiriaji wa majengo akasema mchoro hauna kizingiti,
na kama mchoro hauna, basi...
hakumaliza.

Tukashuka. Wajumbe kumi na mmoja, jua la saa nane,
Thureya mbele, ameinua ncha ya buibui isizoe vumbi la saruji.
Nikapiga magoti, nikapima kwa rula ya ofisi.
Sentimita tisa.
Urefu wa kidole changu cha kati pamoja na ukucha.
Miaka mitano ya dira, fulana na mabango,
uzinduzi wenye hema la kukodi na sinia tatu za halua,
yote yamesimama hapa
yakingoja mtu apite.

Bibi yangu wa Kibokoni, Mungu amrehemu,
chuo kwake hakikuwa jengo. Kwa Kimvita chake, chuo ni kitabu.
Kila jioni aliniuliza: "Chuo chako umefika wapi?"
Nikamwonyesha kwa kijiti mstari niliokomea,
si ule niliotamani.
Kijiti hakijui asilimia.

Nilitaka kuyatia hayo kwenye muhtasari.
Hayana kifungu.

Jumamosi akaja Chigulu, fundi bomba, wala si kazi yake,
na ndoo ya saruji iliyosalia kwenye tangi.
"Dira," alisema akikoroga,
"hata mfukoni mwa aliyelala huonyesha kaskazini."
Dzombo pembeni akimkokotolea:
kimo kimoja kwa urefu kumi na mbili, fundi,
kwa hivyo vuta mpaka pale, mita moja na sentimita nane.
Chigulu akavuta mpaka pale,
akaongeza mbili, akasema hizo ni za baraka.
Mimi nilishika ndoo. Nilikuwa nimevaa viatu vya kikao.

Kikao cha kumi na tano.
Feni zote mbili zimelala, umeme hakuna.
Profesa Thureya akafika kwenye mstari wa maktaba, akanitazama.
Nikasoma: asilimia mia,
mara ya pili.
Hakuna aliyepiga makofi. Mghoi alimimina kahawa.

Ukienda leo utaona kwenye saruji ile
alama ya gurudumu, mstari mmoja, umepinda kidogo
karibu na mlango:
hakungoja ikauke.
Hatukuusawazisha.

Ajenda iliyofuata ilikuwa tangi.